Kichwa cha Nguruwe cha Mashine Mpya

Kwa miaka kadhaa mimi na mke wangu tuliishi ndoa yetu kwenye maegesho ya magari ya kiwanda kimoja cha Wakorea huko Oakdale, Minnesota, Marekani. Mimi nilifanya zamu ya asubuhi, yeye zamu ya mchana, na gari letu lilikuwa moja. Saa tisa alasiri alifika akiendesha, mtoto wetu wa mwisho amefungwa mkanda kiti cha nyuma, nami nikitoka na mikono inayonuka mafuta ya mashine. Yeye alishuka, mimi nikapanda. Katikati ya kushuka na kupanda tuliambizana yote ambayo watu wengine huambizana wakila, wakilala na wakigombana: maharage yako jikoni, mwalimu amepiga simu, mama yako anaumwa kule Uvira, jana uliniudhi. Ugomvi ukiwa mkubwa tuliugawa, nusu leo na nusu kesho. Watu wa kanisani walituona ni wanandoa wenye amani sana, na ni kweli, hatukupata nafasi ya kukosa amani.

Kampuni yenyewe makao yake yalikuwa Korea, na ilitengeneza vitu vya aina mbili. Kwanza vipuri vya magari, hasa vya magurudumu na breki. Pili mashine kubwa za viwandani, zile zinazochonga chuma kwa wepisi ambao mama yangu alimenyea muhogo. Yaani ilitengeneza vipuri, ikatengeneza na mashine za kutengeneza vipuri, ikajiuzia yenyewe na kujipongeza yenyewe. Sisi wa Oakdale tulipokea vyuma vibichi kutoka kwao, tukavichonga, tukavipima, tukavifunga kwenye maboksi, vikaenda kuwa sehemu ya magari mapya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaendesha.

Kila asubuhi kabla ya kazi tulifanya mazoezi ya viungo. Muziki wa piano ulitoka kwenye kipaza sauti na sote tukanyoosha mikono, tukazungusha viuno, tukainama kugusa vidole vya miguu. Wazungu wa Minnesota ni watu ambao ukiwaomba jambo wasilolipenda hutabasamu na kusema ni sawa kabisa, kwa hiyo walizungusha viuno wakitabasamu na moyoni wakatukana. Sisi Wakongo tulizungusha kwa bidii, kwa sababu wengi wetu tulidhani kuna mtu anatoa alama.

Mke wangu alikuwa fundi wa kuchonga, na alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sijui ni kipi alikipenda zaidi, ila kwaya aliianza akiwa binti mdogo kwenye kambi ya wakimbizi, na ilimfuata mpaka kwenye kanisa letu la Saint Paul, ambalo si letu hasa. Ni la Walutheri. Wao husali asubuhi, hunywa kahawa yao, hufuta meza, ndipo sisi tunaingia na magitaa. Yeye aliimba sauti ya pili, na watu walisema kwaya bila yeye ni mboga bila chumvi. Nilikuwa nikiwasikia wakisema hivyo nikajivuna bure, maana mimi siwezi kuimba hata ule wimbo wa kuzaliwa.

Mwaka ambao mtoto wetu wa mwisho alianza shule, sababu yetu ya kupishana kazini iliisha. Mkubwa alikwisha kufikia umri wa kuwapeleka wadogo zake kwenye basi. Lakini nafasi ya asubuhi haikuwepo. Wenye zamu ya asubuhi walikuwa wazee wa kiwanda, watu wasiougua, wasioacha kazi, na ambao hata kustaafu waliona ni uvivu. Mke wangu aliomba kila mara nafasi ilipotajwa, na kila mara akaambiwa asubiri. Ndipo ikatangazwa kwamba inakuja mashine mpya kutoka Korea, kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, nayo itafanya kazi asubuhi tu. Meneja akatangaza pia kwamba atakayeiendesha ni mke wangu.

Siku hiyo kwenye maegesho hatukupishana. Tulikaa ndani ya gari wote wawili, yeye kiti cha dereva na mimi pembeni, mpaka akachelewa zamu yake. Mtoto kule nyuma akatuuliza kwa Kiingereza kama gari limeharibika. Mimi nilikuwa nafikiria chakula cha jioni, meza moja, sufuria moja, yeye akinilalamikia kwa urefu anaoutaka. Niliona furaha mpaka nikaogopa.

Wiki chache baadaye meneja aliniita ofisini. Alikuwa Mkorea wa makamo, mpole, mwenye kuvaa viatu vya kitambaa akiwa ofisini na viatu vya chuma akitoka. Kiingereza chake na changu vyote vilichechemea, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko tulivyoelewana na Wamarekani. Alifunga mlango, akaniambia amesikia kwamba mimi ndiye mtu wa nyama. Ni kweli. Kila kanisa letu lilipokuwa na harusi au ubatizo, mimi ndiye niliyetumwa kwa mfugaji mmoja mbele ya Woodbury kununua nguruwe mzima. Nikamwambia naam, anataka nguruwe wa kiasi gani. Akasema anataka kichwa tu.

Nilimwambia kichwa ni chaguo zuri, hasa masikio. Akatikisa mkono, akasema si cha kula.

Akanieleza taratibu, akitazama meza. Huko kwao, mashine mpya haiwashwi hivi hivi. Inaandaliwa meza mbele yake, na juu ya meza kinawekwa kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele, samaki mkavu aliyezungushiwa uzi, na pombe ya mchele. Wakubwa wanapiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso, kisha anafuata yule atakayeiendesha mashine. Pombe inamwagwa kidogo kwenye pembe za mashine. Ndipo inawashwa, nayo haitamdhuru mtu. Si kila kiwanda cha Kikorea kinafanya hivyo siku hizi, lakini mwenyekiti wa kampuni, mzee aliyeianzisha, hakubali mashine iwashwe bila hayo. Zamani, katika karakana yake ya kwanza, waliwahi kuwasha mashine moja kwa haraka bila kuiandalia chochote, na ikamkata kijana mkono. Tangu hapo mzee mwenyewe anapanda ndege kwenda popote mashine inapofungwa. Sasa anakuja Minnesota.

Nilimuuliza itakuwaje mwendeshaji asipopiga magoti. Meneja akasema mwenyekiti hatamlazimisha mtu, atampa mashine mtu mwingine tu. Tena yupo kijana wa zamu ya mchana aliyekwisha kusema kwamba kwa mashine ile yuko tayari kulisujudia hata friji.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Yeye ni mzee wa kanisa, tena kanisa la Kipresbiteri, kwa ukoo wake wote tangu babu. Ameshapiga magoti mbele ya vichwa vya nguruwe katika nchi nyingi, na kila mara anaomba Mungu amwangalie moyo na si mgongo. Mke wake hajui. Mchungaji wake hajui. Mimi nikawa ndiye ninayejua, na sikuomba kujua.

Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Kichwa kiwe kinatabasamu," akasema. "Mwenyekiti hapendi kichwa chenye huzuni."

Basi nikaenda kwa yule mfugaji mbele ya Woodbury, mzungu mrefu mwenye kofia, mtu wa heshima ambaye hajawahi kuniuliza kwa nini nataka lolote. Nilimwambia ninatafuta kichwa kinachotabasamu. Alifikiri kidogo, akasema hilo linawezekana. Alivileta vichwa kadhaa kutoka chumba cha baridi, akavipanga mezani, tukasimama kuvitazama mikono tumeiweka mifukoni. Kimoja kilikuwa na sura ya mtu aliyekatiwa simu. Kingine kilikuwa na dharau, kilinikumbusha afisa fulani wa uhamiaji. Mfugaji alikikataa yeye mwenyewe, akasema hicho hakina nia njema. Mwishowe tukapata kimoja ambacho midomo yake imepanda pembeni, macho yamefumba kwa raha, sura ya mtu aliyesikia habari njema akiwa usingizini. Tulikubaliana kwamba ndicho. Nilikiweka kwenye friji jikoni kwetu, nimekifunga kwenye mfuko mweupe, kikisubiri mke wa meneja akichemshe Jumapili jioni, maana aliambiwa ni cha supu ya kiwanda.

Tatizo ni kwamba nusu ya wanaume wa kanisa letu walifanya kazi kiwandani pale, na siri ikikaa pale haimalizi zamu. Kabla ya mimi kufika nyumbani na kile kichwa, mchungaji alikwisha kusikia kwamba Wakorea wanataka kumsujudisha dada wa kwaya mbele ya mnyama.

Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema. Siku za kazi alisukuma mikokoteni ya mizigo uwanja wa ndege, huko Bloomington, na Jumapili alitusukuma sisi. Alimwita mke wangu, mimi nikaenda naye, akatusomea habari za vijana watatu waliokataa kusujudia sanamu wakatupwa kwenye tanuri la moto. Kisha akasema uamuzi wa wazee ni kwamba asiiname. Akiinama atatengwa na kwaya. Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu mtu akikuumiza kwa huruma huna hata pa kumshika. Nilimuuliza kama wazee wamefikiria lolote kuhusu watoto wetu. Akasema wamefikiria, wataomba. Njia nzima ya kurudi mke wangu alitazama nje, na mimi niliongea peke yangu kwa wote wawili.

Mwanakwaya mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwanza na maamuzi ya kwanza, aliitisha mfungo. Kwaya ya wamama wote wasile Jumamosi nzima, wafanye maombi ya kumvunja yule nguruwe, na jioni waje kwetu kumalizia mfungo pamoja na dada yao aliyejaribiwa. Hakuna aliyetuuliza kama Jumamosi hiyo tupo.

Hatukuwepo pamoja. Mke wangu alikuwa kiwandani kwenye saa za ziada. Mimi nilikuwa nyumbani na watoto, nikawakaribisha wale mama, nikawapa viti, kisha nikawaachia watoto nikaenda Oakdale kumchukua, na kazi ikachelewa kuisha, nikamsubiri maegeshoni kwa zaidi ya saa tatu. Huko kwetu wamama wa kanisa wakimkosa mwenye nyumba hawakai na kutazamana. Wanavua vitambaa vya mabegani, wanaingia jikoni, wanapika, ili dada yao akifika amechoka akute chakula. Hiyo ni heshima, na mtu wa kwetu angeshangaa wasipofanya hivyo. Nilijua hilo tangu utotoni. Ila siku ile kichwani mwangu kulikuwa na kichwa kingine.

Tulipopanda ngazi za ghorofa letu, mke wangu alisimama, akavuta hewa. Kulikuwa na harufu ya vitunguu, nyanya, pilipili na nyama iliyoiva ikalainika. Akaniuliza nimepika nini. Nilianza kupanda ngazi mbili mbili.

Walikuwa wameketi sakafuni kuzunguka sinia, wamama wote wa kwaya na watoto wetu katikati yao. Bugali ilikuwa imeisha nusu. Katikati kulikuwa na mifupa ya taya, safi, imenyonywa. Mwanakwaya mkuu alikuwa na kipande cha sikio mkononi. Aliniambia karibu, papa, akasema maombi yalikuwa na moto sana, wamemvunja nguruwe kabisa, wameona ushindi, ndipo wakafungua mfungo.

Nikawauliza nyama wameitoa wapi.

"Papa, tulikuta nyama ku frigo," akasema. "Nyama ya ku frigo ni ya kukula."

Niliwaambia. Niliwaambia kwa maneno machache kwamba huyo ndiye yule nguruwe waliyefunga kumvunja. Wale mama walikuwa wamejichorea adui mwenye pembe, wa dhahabu, labda anayetoa moshi. Haikuwapitia akilini kwamba anaweza kuwa kwenye mfuko mweupe karibu na maziwa ya watoto. Mmoja akaweka tonge chini polepole. Mwanakwaya mkuu alitazama lile sikio, akatazama dari, akafikiri. Kisha akalimalizia.

"Bon," akasema. "Tuliomba Mungu amumalize. Amemalizika."

Mke wangu aliegemea friji, akateleza mpaka chini, akacheka. Alicheka mpaka akalia, na sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi. Wale mama waliimba wimbo wa shukrani, wakaosha vyombo vyote, wakaondoka na ushuhuda ambao Jumapili ungeshinda shuhuda zote.

Nilimpigia simu meneja. Nilijaribu kumweleza, kwa Kiingereza chetu kile, kwamba kwaya imekula kichwa. Akaniuliza kama kilikuwa kinatabasamu. Nikasema kilikuwa kinatabasamu sana. Akahema. Mwenyekiti alikwisha kufika, yuko hotelini Bloomington, sherehe ni Jumatatu asubuhi, na yule mfugaji wangu Jumapili hafungui hata mlango. Lakini meneja alikuwa mtu wa viwanda, na mtu wa viwanda kipuri kikikosekana hutafuta mbadala. Akaniambia kwamba Korea siku hizi vijana wa mjini wanatumia hata picha ya nguruwe kwenye simu, na wengine hutumia kile kinguruwe cha plastiki ambacho watoto huwekea sarafu. Jumapili mchana alikipata dukani Woodbury. Kilikuwa cha rangi ya waridi, kikubwa kiasi cha mtungi, na tabasamu lake lilikuwa la kuchora, kwa hiyo halikuwa na mashaka.

Mimi niliona Mungu amenifungulia mlango. Ibada ilipoisha nilimfuata mchungaji mbio mbio, nikampa habari kwamba hakuna tena mnyama, hakuna damu, hakuna kichwa. Ni mwanasesere tu. Mke wangu anaweza kuinama mbele ya mwanasesere na wala si kitu, hata watoto huinama mbele ya wanasesere kutwa nzima. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho. Aliita wazee wawili wakasogea kando, karibu na birika la kahawa la Walutheri. Walirudi na nyuso nzito.

"Ndugu, ile kichwa ilikuwa kiumbe cha Mungu," akasema. "Ilikuwa nyama. Lakini hii ya plastiki imefanyizwa na mikono ya watu. Hii sasa ndiyo sanamu yenyewe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza kwa utulivu kwamba mbele ya ile nyama pengine kungekuwa na nafasi ya kujadiliana, maana vyakula vyote ni safi. Lakini sanamu imekatazwa waziwazi, haina mjadala. Yaani wale mama kwa mfungo wao, kwa maombi yao na kwa pilipili yao, walikuwa wamekula kosa dogo wakatuachia kubwa. Nilisema maneno ambayo si ya kusemwa kwenye nyumba ya ibada, hata ya kukodi. Mzee mmoja alinishika bega akaniambia nimejaa hasira. Nikamwambia afadhali mimi nimejaa hasira, kuna watu wamejaa nguruwe.

Jumatatu mke wangu hakusubiri saa tisa, alikuja nami asubuhi. Niliendesha, yeye akakaa pembeni, na nilipomuuliza atafanya nini akafunga mkanda wake upya. Nilimwambia akikataa nitaelewa. Lilikuwa neno la kistaarabu na halikuwa kweli. Moyoni nilikuwa nataka ainame. Nilitaka mke wangu zaidi ya nilivyotaka kwaya ya mtu yeyote, na nilikuwa naona aibu kumwambia, kwa sababu kwaya haikuwa yangu kuitoa.

Mashine ilikuwa imefungwa katikati ya karakana, nyeupe, ndefu, ina dirisha la kioo. Mbele yake meza imetandikwa karatasi safi. Keki za mchele zilikuwepo, pombe ilikuwepo, na samaki mkavu mwenye uzi, ambaye sisi wa ziwani tulimtazama kwa uchungu tukimhesabu kuwa mboga inayopotea. Kinguruwe cha waridi kilikaa katikati kikitabasamu. Wazungu walisimama nyuma wakiwa na nyuso za heshima kubwa, kwa sababu waliambiwa ni utamaduni, na Mminnesota ukimwambia kitu ni utamaduni hata ukimkanyaga atakuomba radhi. Wanaume wa kanisa letu walisimama pembeni kwenye mstari, mikono kifuani. Hawakuja kushiriki. Walikuja kuona.

Mwenyekiti alikuwa kizee kidogo, amevaa koti la kiwanda sawa na letu. Alikitazama kile kinguruwe. Alimtazama meneja, na meneja akatazama viatu vyake vya chuma. Nilifikiri mambo yameharibika. Lakini mzee alikirekebisha tu kidogo, kikaelekea vizuri mashine, kisha akashuka magotini kwa shida, mkono mmoja ukitafuta sakafu, akagusa sakafu kwa paji la uso. Hakuna aliyecheka. Ukimwona mzee wa umri ule akishuka sakafuni kwa ajili ya vidole vya watu asiowajua, kucheka kunakwama. Baada yake akainama meneja, macho ameyabana, midomo inacheza. Mimi peke yangu nilijua anaongea na nani.

Kisha meneja akamgeukia mke wangu, akampisha.

Alivua miwani ya kazi akaiweka mfukoni. Alichukua boksi tupu, akalikunjua, akalitandika sakafuni kwa sababu ya mafuta, bila haraka. Aliwatazama wanaume wa kanisa letu mmoja mmoja mpaka wengine wakaangalia dari. Mimi hakunitazama. Alipiga magoti, akainama, paji la uso likafika chini, na akakaa pale. Mwenyekiti alikuwa ameinuka haraka kuliko yeye. Mke wangu alikaa pale mpaka mtu mmoja wa kiwandani akaanza kukohoa. Alipoinuka, yule mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kitu cha Kikorea ambacho meneja hakukitafsiri kwa sababu alikuwa anafuta macho. Kisha mke wangu akabonyeza kitufe cha kijani, na mashine ikawaka.

Mchana ule tulitoka kazini pamoja kwa mara ya kwanza. Tulifika kwenye gari, na kwa mazoea kila mmoja akaenda mlango wa dereva. Nikamuuliza kule chini alikuwa anaongea nini muda wote ule.

"Nilimuambia Mungu nimechoka kuona bwana yangu ku parking," akasema. "Nikamuambia kama ni zambi, aniandikie mimi. Asikuandikie wewe."

Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama akatangaza. Wamama wa kwaya walishukuriwa kwa kuangamiza kichwa cha kwanza, watu wakapiga makofi na vigelegele. Halafu akatangaza kwamba dada yetu mmoja amejikwaa, hataimba na kwaya kwa muda, atakaa na washirika wengine. Hakumtaja, na hakukuwa na haja. Alikuwa amekaa na mimi, benchi la mwisho, amevaa kitenge kisicho cha kwaya. Sikuwahi kukaa na mke wangu kanisani. Hata siku ya harusi yetu aliondoka pembeni yangu akaenda kuimba.

Kwaya ilisimama, ikaanza, na kila mtu alisikia pengo. Mwanakwaya mkuu alipandisha sauti kulifunika, ikawa mbaya zaidi. Mke wangu alikuwa akitikisa midomo bila kutoa sauti, anafuata mstari wake wote, na machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Niliona uchungu kwa ajili yake. Na wakati uleule bega lake lilikuwa limeegemea bega langu, lina joto, na hakuna mahali popote alipotakiwa kukimbilia.

Wimbo ulipoisha mchungaji naye alikuwa amesikia lile pengo. Alisema kwa sauti ya kubembeleza kwamba Mungu ni mwenye rehema, akaomba kanisa zima tusimame, tufumbe macho, tumwombee dada yetu adhabu yake ipunguzwe arudi mbele upesi. Watu wakaomba kwa nguvu, wamama wa kwaya kuliko wote. Mimi pia nilisimama, nikafumba macho, nikamshika mkono mke wangu, nikaomba wasisikilizwe.